Karo la nyumbani Segerea: naandika kila hatua

Juni, mwishoni

Naanza kuandika huu mradi leo maana masika imeisha na ardhi ya nyuma ya nyumba ndo inaanza kukauka, na mwaka huu nimeamua hili karo, yaani tenki la majitaka lililofukiwa ardhini, nilijue lote kuanzia chooni mpaka maji yanakoishia. Nyumba ni ya familia, iko Segerea, Dar, tuliinunua ikiwa imeshajengwa na aliyeijenga hakuacha mchoro wowote, kwa hiyo tunachojua ni kwamba kuna mfuniko mmoja wa zege nyuma ya jiko na mwingine kule karibu na ukuta, basi. Tunaishi watu wanane, mama, mimi na mke wangu, watoto watatu, mdogo wangu na dada anayetusaidia kazi.

Shida yenyewe iko hivi. Kila masika choo cha wageni kinakuwa kizito, ukiflashi maji yanapanda kwanza ndo yanashuka taratibu, tundu la sakafuni bafuni linabubujika hata kama hakuna anayeoga, na jioni harufu inaingia mpaka sebuleni, kwenye nyumba ambayo mama anapokea wageni wa vikoba. Kinachofanyika miaka yote ni kuita gari la kunyonya, gari linakuja linaingiza mpira kwenye lile shimo la karibu na ukuta, linanyonya, tunalipa, na kabla hata mwezi haujaisha shimo limejaa tena. Majirani wanasema udongo wa huku ndo ulivyo, haunywi. Udongo kweli una mfinyanzi ila mi naamini kuna kitu kingine, kwa sababu kiangazi udongo ni uleule na shida inapungua sana.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta karo lenyewe. Nimefungua chemba ya nje ya choo, nikaingiza waya mrefu wa fundi bomba mpaka ukagota, nikapima urefu, nikaufuata juu ya ardhi na kugonga gonga kwa mtarimbo mpaka nikasikia mlio wa zege. Kumbe ule mfuniko wa nyuma ya jiko ndo karo lenyewe, na lile la ukutani tulilokuwa tunalinyonya miaka yote ni shimo la kunywea tu. Maana yake karo halijawahi kuguswa tangu tuhamie.

Kwa wasiojua tofauti, maana hata mimi watu wengi nawaambia wanashangaa: uchafu wa chooni unaingia kwanza kwenye karo, ambalo limesakafiwa na kupigwa plasta halivuji, pale vizito vinazama chini vinakuwa tope, mafuta na vyepesi vinaelea juu vinakuwa kama ukoko, na katikati panabaki maji ambayo sio masafi lakini hayana vipande. Hayo maji ya katikati ndo yanatakiwa yatoke kwenda shimo la kunywea ili ardhi iyanywe. Bakteria wanaoishi bila hewa wanalila lile tope kidogo kidogo, linapungua lakini haliishi, ndo maana lazima litolewe kila baada ya miaka kadhaa. Lisipotolewa linapanda mpaka linafika usawa wa bomba la kutokea na kuanza kusafiri kwenda shimo la pili, na likishafika kule linaziba kuta za udongo. Kwa hiyo sisi tulikuwa tunalipa kunyonya maji kwenye shimo ambalo limezibwa na karo ambalo hatulitoi tope.

Julai, Jumamosi ya pili

Leo nimefungua karo. Kabla ya yote nimewaambia watoto wakae ndani, nimemwambia mdogo wangu sigara aweke mbali kabisa, na tumefungua mfuniko tukasogea pembeni tukauacha wazi muda mrefu ndo tukarudi. Hili nalisisitiza sana maana kila mwaka tunasikia habari za watu waliofia shimoni, mmoja anaingia anaanguka, wa pili anaingia kumsaidia naye anaanguka. Mle ndani kuna methani inayoweza kuwaka, na kuna haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza, ambayo ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa kwa hiyo mtu anadhani harufu imeisha kumbe ndo imekuwa nyingi. Hakuna mtu kuingia, hata karo likiwa tupu, hata kwa dakika moja.

Kupima tope nimetumia mti mrefu wa mita tatu. Nimechukua taulo jeupe la zamani nikalikata nikalizungushia sehemu ya chini ya mti, nikalifunga kwa kamba za plastiki, nikaushusha taratibu mpaka ukagusa sakafu, nikauacha umesimama dakika kadhaa, halafu nikauvuta polepole sana bila kuutikisa. Ukitoka unaona mwenyewe: chini taulo limekuwa jeusi tii na vipunje vimeng'ang'ania kwenye nyuzi, juu yake rangi ni ya kijivu ya maji tu, na mpaka kati ya hizo rangi mbili unaonekana wazi kabisa kama mtu kapiga mstari. Nikapima kwa futi: tope sentimita 62. Ukoko wa juu nimeupima kwa mti mwingine niliogongelea kipande cha ubao mwishoni, unausukuma upite ukoko afu unauvuta juu mpaka ubao ukwame chini yake, ni sentimita 14. Kina cha maji chote ni sentimita 150.

Sasa kanuni inayotumika sehemu nyingi ni kwamba tope na ukoko vikijumlishwa vikifika theluthi moja ya kina, toa. Kwetu theluthi ni sentimita 50 na sisi tuko 76, yaani nusu ya karo sio karo tena.

Nimepiga hesabu ndogo jioni. Karo ndani lina urefu wa mita 2.4 na upana mita 1.2, kwa kina hicho ni lita 4,320. Mtu mmoja anakadiriwa kuzalisha kama lita 40 za tope kwa mwaka, watu wanane lita 320, kwa hiyo theluthi yetu ya lita 1,440 inajaa kwa miaka minne na nusu hivi. Hapo ni kama vitu vya kawaida tu ndo vinaingia, pampasi na mafuta ya kukaangia hayamo kwenye hesabu.

Kitu kingine nimekiona kwa tochi na sijakipenda hata kidogo. Bomba la kutokea kwenda shimo la pili limechomekwa ukutani wazi, halina tii, kile kiungio cha bomba chenye umbo la herufi T. Inatakiwa pale pawe na tii ambayo mguu wake mmoja unazama chini ya ukoko uchukue maji ya katikati. Bila tii ukoko wote unaoelea pale juu unachungulia mdomo wa bomba na kila mtu akiflashi unasukumwa kuingia. Aliyejenga aliokoa pesa ya tii moja ya nchi nne.

Julai, wiki inayofuata

Gari limekuja. Nimetafuta mwenye gari kwa kuuliza swali moja tu kwenye simu, mnamwaga wapi, na aliyejibu haraka kwamba Vingunguti ndo nikamwita. Vingunguti kuna mabwawa ya majitaka, maji yanakaa bwawa moja yanahamia lingine, jua na bakteria na mwani vinafanya kazi yake kabla hayajaenda Mto Msimbazi. Wapo wanaomwaga popote, na wapo wenye nyumba wanaosubiri mvua kubwa wafungue tundu watapishe, mchanganyiko wote unateremka kwenye mtaro unapita mbele ya nyumba za watu wa bondeni. Kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia hapahapa Dar. Ukitapisha unajua kabisa ni mtoto wa nani atakayecheza kwenye yale maji kesho yake, kwa hiyo kwangu hilo halina mjadala.

Dereva, mtu mzima, alishuka akaenda moja kwa moja na mpira kule ukutani.

Nikamwambia, "Mzee, shikamoo, hapana, leo tunanyonya hili la jikoni."

"Marahaba. Hili halijajaa, angalia, maji yako chini ya mfuniko."

"Ndo yanapokaa siku zote mzee wangu. Mi nataka tope la chini."

Akanitazama akacheka kidogo, akasema, "Wewe umesoma. Watu hawapendi tope, wanapenda kuona maji yameshuka."

Akamwelekeza kijana wake avunje ukoko kwanza kwa mti, halafu wakanyonya maji kidogo, wakarudisha kwa nguvu kutoka kwenye gari ili kulikoroga lile tope, wakanyonya tena. Hiyo ya kurudisha na kukoroga ndo ya muhimu, bila hivyo mpira unavuta maji mepesi na tope zito linabaki limelala palepale na wewe umelipa hela kamili. Mwisho sakafu ilionekana. Wale wanaosema bakiza tope kidogo liwe mbegu ya bakteria, sio lazima, bakteria wanaingia wenyewe kila mtu akienda chooni, na kuta hazikwanguliwi kwa hiyo wapo.

Malipo laki moja na kitu, sawasawa na tuliyokuwa tunatoa kila masika kwa kunyonya maji.

Kwenye tope wametoka nayo: pampasi, wet waipsi nyingi sana zimejisokota zimekuwa kamba, mifuniko ya soda, na gololi za watoto. Nimemwita kila mtu nyumbani aje aone.

Angalizo kwa walioko Kigamboni au sehemu yoyote maji ya ardhini yako juu na una tenki la plastiki lililofukiwa: usilinyonye likawa tupu wakati wa masika, maji ya ardhini yanaweza kulisukuma likapanda na kung'oa mabomba. La zege kama letu halina wasiwasi huo sana ila nalo nimelijaza maji siku hiyohiyo.

Julai, kabla ya kujaza maji (naandika baadaye)

Nilifunga simu kwenye fimbo ya selfi nikairekodi video ndani na taa imewashwa. Kuta nzima, hazina ufa. Sakafu nzima. Slabu, yaani zege la kufunika karo juu, ndo tatizo, upande wa kuingilia zege limemumunyuka kwa chini na nondo mbili zinaonekana zimeshika kutu. Hii inatokana na ileile gesi ya yai viza, inapanda juu, inakutana na unyevu kwenye dari la karo, bakteria wengine wanaigeuza tindikali ya salfuriki na tindikali inalila zege pale juu ya maji. Ndo maana unakuta karo lina miaka mingi, kuta ziko safi, halafu slabu inakatika siku mtoto anapita juu. Nimeweka mapipa na kamba pale, hakuna kukanyaga mpaka slabu ibadilishwe.

Tii imefungwa. Fundi alitaka kuweka ngazi aingie.

"Bosi, dakika mbili tu, sisi tunaingia kila siku."

"Fundi wangu, una watoto. Kata tundu la mfuniko hapa juu ya bomba la kutokea, ufanyie kazi kutokea nje."

Amekata, ametengeneza na mfuniko mdogo wa zege wenye mkono wa nondo, akalala kifudifudi kwenye ubao na kufunga tii kwa mikono. Mguu wa chini unazama sentimita 60 ndani ya maji, yaani asilimia 40 ya kina, mguu wa juu umepita juu ya maji sentimita 15 na uko wazi, na kwa kuwa tundu liko juu yake naweza kuingiza mti kuusafisha wakati wowote. Kazi ya saa chache na imebadilisha mfumo mzima.

Agosti

Hii ndo niliyokuwa naitafuta. Nilikuwa nasafisha chemba ya katikati nikaona bomba la tatu linaingia kwa pembeni ambalo halitoki chooni wala bafuni wala jikoni. Nimemwaga ndoo ya maji kila sehemu hakuna kinachotokea, mpaka nilipopanda juu nikamwaga kwenye gata. Yakaja mbio.

Gata la nusu ya paa limeunganishwa kwenye karo! Nusu hiyo ya paa ni kama mita za mraba 80. Mvua ya milimita 50, ambayo Dar wakati wa masika sio ajabu kuipata kwa siku moja, kwenye paa hilo ni lita 4,000. Karo letu lote ni lita 4,320. Yaani siku ya mvua kubwa karo zima lilikuwa linaoshwa, maji mapya yanaingia kwa nguvu, yanakoroga tope, yanalisukuma lote kwenda shimo la kunywea, na hakuna kizito kinachopata nafasi ya kuzama kwa sababu maji yanahitaji angalau kama siku nzima ya kutulia. Hapo ndo nimeelewa kwa nini shida ilikuwa masika tu, na kwa nini udongo ulikuwa unasingiziwa.

Nimelikata bomba lile siku hiyohiyo, nikaziba tundu kwa zege, na gata nimelielekeza kwenye simtenki la lita 2,000, maji ya ziada yanaenda kwenye mtaro wa mvua. Mama amefurahi kuliko wote maana ana maji ya kufulia bure, ingawa ya kufulia nayo nimemwomba yasimwagwe yote siku moja, tugawe nguo za watoto Jumatano na mashuka Jumamosi.

Kama nyumba yako ina shida inayokuja na mvua na kuondoka na mvua, kabla hujachimba chochote panda ukamwage ndoo kwenye gata.

Agosti, mwisho

Jikoni. Mama anakaanga sambusa na samaki wa kuuza, na masufuria yalikuwa yanaoshewa kwenye sinki moja kwa moja. Mafuta ya moto yanapita vizuri kwenye bomba, yakipoa yanaganda, yanakamata mchele na majani ya chai, na yakifika karoni yanaongeza ukoko. Nimejenga mtego wa mafuta, chemba ndogo ya tofali nje ya dirisha la jiko, sentimita 60 kwa 60, maji yanaingia juu na kutoka kupitia elbo, kiungio cha bomba kilichopinda, inayochota chini, mafuta yanabaki yanaelea. Mdogo wangu anayachota kila Jumapili kwa kopo anayatia kwenye mfuko wa taka.

Kwa mama nilienda kwa adabu, nikamwambia, "Mama, mafuta yaliyochoka tuyaweke kwenye dumu, tusiyamwage." Akasema, "Baba, ungesema siku zote mi ningejuaje yanakwenda wapi?" Na toka siku hiyo masufuria anayafuta kwa gazeti kabla ya kuosha, tena anawasimamia wengine.

Chooni kila choo kimepata ndoo yenye mfuniko. Pedi, pampasi, waipsi, pamba za masikio, vyote humo. Jiki na dawa za kusafishia choo hatujaziacha, matumizi ya kawaida hayaui karo, ila kumwaga chupa nzima au tindikali ya kuzibua ndo hapana.

Na wale wanaouza unga wa bakteria mitaani, na wale wa hamira na sukari, na mafuta ya taa, nimesoma nilichoweza kusoma na msimamo wangu ni kwamba hakuna unga unaomaliza haja ya kutoa tope. Mafuta ya taa ndo mabaya zaidi, yanaenda ardhini na kwenye visima vya watu.

Septemba

Shimo la kunywea la zamani nimelifungua. Kuta zina utando mweusi unaoteleza kama sabuni, unene wa kidole, maji yamesimama. Huo utando unajengwa na bakteria wanaokula uchafu mdogo mdogo unaofika pale, kidogo wa aina hiyo ni kawaida na hata unasaidia kuchuja, ila likija tope na mafuta unakuwa mnene na udongo hauoni maji tena. Dawa yake ni kulipumzisha likauke, hewa ipite, utando utaliwa wenyewe, miezi sita mpaka mwaka. Kwa hiyo tunahitaji pa kupeleka maji wakati hili limepumzika.

Nimefanya kipimo cha udongo sehemu mbili za uwanja. Unachimba kishimo cha sentimita 30, unakijaza maji unaacha usiku kucha udongo ulowe, asubuhi unajaza tena na kupima maji yanashuka kiasi gani kwa nusu saa. Upande wa chini karibu na ukuta yalishuka milimita chache tu. Upande wa juu, uliko mpapai, kuna mchanga mchanga na yalishuka vizuri zaidi.

Fundi alipendekeza tuchimbe shimo refu, futi 25. Nimekataa na sababu zangu ni mbili, chini huko mfinyanzi unazidi, na unayafuata maji ya ardhini wakati unatakiwa ubaki juu yake angalau mita moja na nusu. Jirani yetu wa upande wa chini ana kisima na watu wananunua maji pale ndoo kwa ndoo. Upande wa juu tuko zaidi ya mita 30 kutoka kisima chake, nimepima kwa kamba pamoja naye, tumekubaliana, na amenishukuru kwa kumshirikisha kabla.

Badala ya shimo tunafanya mtaro wa kokoto, maana kinachonywa maji zaidi ni kuta za pembeni, sakafu inaziba mapema. Hesabu: watu wanane kwa lita 100 ni lita 800 kwa siku, udongo wa aina ile nimeukadiria lita 25 kwa mita ya mraba kwa siku, nahitaji mita za mraba 32 za ukuta. Mtaro wa urefu mita 16, wenye kokoto kimo cha mita moja, kuta mbili, ni 32. Upana sentimita 60.

Oktoba, kabla ya vuli

Mtaro umekamilika. Kokoto zimekula kama mita za ujazo kumi, hii ndo gharama kubwa kuliko vyote. Vijana wamechimba kwa sululu na sepeto mita moja na nusu kwenda chini, na nilisisitiza kuta zikwanguliwe kwa reki kwa sababu sepeto linapopita kwenye udongo wenye mfinyanzi linaulainisha unakuwa kama umepigwa plasta. Kokoto zimeoshwa kwanza. Juu yake bomba la nchi nne lenye matundu, limelazwa karibu usawa kabisa, likafunikwa kokoto kidogo, kisha nailoni ngumu ya viroba ili udongo usishuke, kisha udongo. Hakuna gari kupaki hapo, na mwarobaini uliokuwa unaota karibu nimeuhamisha, mizizi yake ingekuwa ndani ya bomba baada ya muda mfupi. Majani na maua sawa, mpapai tumeuacha, mchicha hapana.

Kati ya karo na huko kuna chemba mpya yenye njia mbili, moja inaenda mtaroni, nyingine shimo la zamani, na ya shimo la zamani imezibwa kwa kizibo cha plastiki. Baadaye tutakuwa tunabadilishana.

Bomba la hewa nimelipandisha mpaka juu ya paa na kulifunga wavu mdomoni. Hili watu wanalidharau. Mbu wa kuleksi, wale wa usiku wanaopiga kelele masikioni, wanazaliana kwenye maji machafu ya mashimo kama haya, na ndo wanaoeneza matende pwani yetu. Kule Makunduchi, Zanzibar, miaka ya mwisho ya 1980 waliweka chembe nyeupe za polistireni, plastiki nyepesi sana, zielee juu ya maji ya vyoo ili mbu wasipumue wala kutaga, wakagawa na dawa za matende, na mbu walipungua sana. Kwetu nyavu kwenye bomba na mifuniko iliyobana vinatosha, nyufa za mifuniko nimezipaka udongo wa mfinyanzi, unabana vizuri na unafunguka bila kuvunja.

Novemba

Vuli imeanza, imenyesha usiku mzima. Asubuhi nimefungua mfuniko mdogo wa tii, maji yako usawa wa bomba la kutokea kamili, hayajapanda. Chemba ya njia mbili maji yanapita membamba kuelekea mtaroni. Bafuni kimya.

Desemba mpaka Februari

Hakuna cha kuandika zaidi ya mtego wa mafuta kuchotwa kila wiki. Wageni wa Krismasi walikuwa wengi, nimewaandikia karatasi chooni kuhusu ndoo, wameelewa.

Aprili

Mvua ya wiki hii ndo kipimo nilichokuwa nakisubiri. Mtaa umejaa maji, barabara ya chini haipitiki kwa bajaji, majirani wawili wameita magari na magari hayajaweza kufika. Kwetu choo cha wageni kinashusha mara moja. Juu ya mtaro ardhi imelowa kwa mvua ila hakuna maji yanayochipuka wala harufu, nimepita kwa miguu asubuhi na jioni. Mmoja wa hao majirani amekuja, tumepanda wote juu ya paa lake na ndoo, na kweli bomba moja la gata lake linaishia kwenye chemba ya choo. Jumamosi mvua ikikatika tunalikata.

Shimo la zamani nimelifungua pia. Kuta zimekauka sehemu ya juu na ule utando umepasuka unabanduka vipande kama rangi ya zamani, chini kuna unyevu bado. Litaachwa mpaka Oktoba.

Nimepima na tope la karo kwa mti na taulo, tuko chini ya sentimita 10 na ukoko ni mwembamba hata haukamati ubao. Nimeandika tarehe na kipimo kwa rangi ya mafuta upande wa ndani wa mlango wa stoo, ntakuwa naongeza kila mwaka mwezi huu, ili hata nisipokuwepo atakayekuwepo ajue lini aite gari na amwonyeshe dereva mfuniko upi.

Kinachobaki ni slabu upande wa kuingilia. Fundi ameniletea hesabu ya nondo za milimita 12, simenti na mbao, na tumekubaliana imwagwe vipande vitatu vyenye mikono, sio slabu moja kubwa, ili siku nyingine ifunguke bila kuvunjwa. Chini itapakwa rangi ya lami. Tunasubiri mvua zikatike tu, kamba na mapipa bado vipo.